Karatasi ya Manjano Shambani kwa Bi Somoe

Siku ya chai ya kuniaga, mmoja wenu aliniuliza ni chombo gani kilichonisaidia kuliko vyote kazini. Nadhani alitegemea nitaje hadubini, ile mpya mnayoifunika kitambaa utadhani mwali. Nikajibu: ulimi wa Bwana Yusufu, na baada ya huo, karatasi ya manjano. Mlicheka sana, na nadhani wengine mlisema moyoni kwamba mzee ameondoka kwa wakati wake. Sasa nina nafasi ya kutosha, na kuku wangu hawana subira ya kunisikiliza, basi nawaandikia ninyi. Vyeo nimeviruka. Mshahara nao nimeuruka, maana nikiutaja mtanionea huruma bure.

Nilifika Nachingwea mwishoni mwa miaka ya arobaini, kijana wa Kimwera kutoka upande wa Ruangwa, nimemaliza shule na suruali moja ya maana. Mji wenyewe ulikuwa vumbi na kelele. Matrekta yalikuwa yanang'oa pori ili zipandwe karanga, na watu wa kila kabila walikuwa wamemiminika kutafuta kazi. Mimi sikupelekwa kwenye matrekta. Nilipelekwa kwenye kibanda cha bati pembeni ya mashamba ya majaribio, nikaambiwa nimsubiri Bwana Yusufu.

Bwana Yusufu alikuwa Myao wa Masasi, mrefu, mkimya, kofia haimtoki kichwani. Kazi yake ilikuwa kufuatilia magonjwa ya mimea, na mimi nilikuwa msaidizi wake mpya. Alinikabidhi kisu kidogo, lenzi ya mkononi na boksi la chupa zenye vizibo. Kisha akakata kipande cha mzizi wa muhogo, akanipa.

"Onja kwa ncha ya ulimi. Tema. Sukutua. Halafu niambie umeambiwa nini."

"Nimeambiwa na nani, Bwana?"

"Na muhogo. Hapa tupo wawili tu, na mimi sijasema neno."

Nikaonja. Uchungu ulinishika mpaka masikioni. Nikamwambia muhogo umeniambia nisile. Akaitikia kwa kichwa, akasema nitafaa. Huo ndio uliokuwa usaili wangu, na katika maisha yangu yote sijafanyiwa mwingine wa haki kama ule.

Somo lake lilikuwa moja, akilirudia kila siku kwa namna nyingine. Wewe jua likikuchoma unahamia kivulini, alisema, na nguruwe akikufuata unapanda mti. Mmea hauna miguu. Adui anaukuta palepale, kiu inaukuta palepale, ugonjwa unaukuta palepale. Kwa hiyo mmea una jiko ndani yake, na humo unapika dawa zake. Kazi yetu ni kujua umepika nini, lini, na kwa sababu gani. Ninyi mliosoma kemia mna majina marefu ya dawa hizo. Sisi tulikuwa na neno hilo moja, jiko, na lilitufikisha mbali.

Mfano wa kwanza ulikuja wenyewe. Dereva mmoja wa trekta, mgeni kabisa huku Kusini, aliokota korosho mbichi chini ya mti akaing'ata na ganda lake. Midomo ilimvimba hata jina lake hakuweza kulitaja sawasawa. Tulimpaka mafuta na kumpa pole. Bwana Yusufu alimshukuru kwa dhati, akisema mkorosho haujawahi kupata mtu wa kuueleza vizuri namna ile. Dereva hakuona cha kuchekesha.

Mfano wa pili nilionyeshwa kwenye jani la mtama. Mnajua yale madoa mekundu yanayoelekea zambarau, yanayotokea pale ukungu unapoingia. Mimi nilikuwa nikiyaandika yote kuwa ugonjwa. Bwana Yusufu akaniwekea majani mawili mkononi na kuniambia nitazame kwa lenzi. Katika jani moja wekundu ulikuwa umekuja upesi, ukazunguka jeraha dogo, na nje ya mzunguko huo jani lilikuwa zima. Katika jani la pili wekundu ulichelewa, na ukungu ulikuwa umeshatembea hadi kwenye kikonyo. "Huu wekundu," akasema, "nadhani ni mlango unaofungwa. Huyu kaufunga mapema, yule kachelewa." Alisema nadhani, kwa sababu hakuwa na njia ya kuhakikisha. Miaka mingi baadaye mmoja wenu alinionyesha kwenye maabara kwamba wekundu ule ni dawa hasa, mtama unaipika pale pale ukungu unapougusa. Nilifurahi siku ile nikashindwa kula, na nilisikitika kwamba mwenyewe Bwana Yusufu alikuwa ameshatangulia.

Karanga nazo zilitufundisha, ingawa kwa shida. Zilizopata mvua mpaka mwisho zilipambana na ukungu ardhini, zikatoka safi. Zilizoishiwa maji wakati maganda yanakomaa zilitoka na ukungu wa kijani, kana kwamba jiko limezimika kwa kukosa kuni. Ubaya wa ukungu ule kwa mtu anayeula hatukuujua siku zile. Tulijua tu kwamba karanga zenye kiu hazijitetei, tukasema hivyo kwa kila aliyekubali kusikia.

Sasa nifike kwenye karatasi. Kituoni alikuwepo Mzungu mmoja wa maabara tuliyemwita Bwana Chupa, kwa sababu hakuonekana bila chupa mkononi, na nyingi zilikuwa za kazi. Alikuwa mtu mwema, mwenye haya. Alichovya vipande vya karatasi nyeupe katika dawa vikawa vya manjano, akatufundisha matumizi yake. Unaponda jani au mzizi, unatia chupani, unaning'iniza karatasi ndani bila kugusa, unafunga kizibo. Kama mmea una ile sumu ya muhogo mchungu, hewa yake inapanda na kugeuza karatasi kuwa nyekundu ya matofali. Kama hauna, karatasi inabaki manjano.

Alitueleza pia kwa nini lazima uponde. Mmea hauwezi kukaa na sumu iliyo tayari, ungejiua. Unaweka vitu viwili katika vyumba viwili, kila kimoja peke yake hakina neno. Jino la mnyama ndilo linalovunja ukuta, vitu vinakutana, sumu inatoka mdomoni mwa mwizi mwenyewe. Ndiyo maana mama zetu huvundika muhogo mchungu na kuuanika kabla ya kuutwanga: wanavunja kuta mapema, sumu iende zake. Tulizunguka na chupa zile kwa baiskeli, Naipingo, kisha Kilimarondo, ambako nguruwe pori walikuwa wakiruka mistari ya muhogo mchungu na kwenda kuchimba mtamu, wakichagua kuliko mteja wa sokoni. Kila tulipofika tulipokelewa kwa uji na maswali, na mpaka leo nikikumbuka ukarimu ule naona nina bahati.

Kijijini Malolo tulifika katikati ya miaka ya hamsini, mwaka ambao mvua ilidanganya. Ilianza vizuri, watu wakapanda, kisha ikakatika mtama ukiwa magotini. Jua lilikaa mpaka majani yakajikunja. Kwa desturi ya pale, mazao yakishakufa jumbe hutangaza mashamba yamefunguliwa, na mbuzi wa kila mtu huingia popote kula kilichobaki. Jumbe akatangaza. Mjane mmoja, Bi Somoe, akakataa shamba lake lisiingizwe. Alikuwa amekata mabua yake mafupi karibu na ardhi, akisema mvua ikirudi yatachipua na atapata walau gunia la kuvukia mwaka. Na kweli mvua ikarudi kidogo, machipukizi yakatoka mabichi, ya kupendeza, katikati ya nchi iliyoungua.

Ili mbuzi na wezi wasimwingilie, Bi Somoe aliweka kago, yaani dawa ya kulinda shamba. Alitundika kibuyu kidogo chenye shanga nyekundu kwenye kijiti pembeni, akasema mbele za watu kwamba atakayeingia atajua mwenyewe. Watu wengi walifanya hivyo, halikuwa jambo la ajabu.

Mbuzi hawajui kibuyu. Wa Mzee Mfaume, jirani yake, walipenya asubuhi moja wakala. Hawakumaliza hata mstari. Walianza kuhema kwa nguvu, wakayumba, wakaanguka hapohapo. Mmoja aliwahiwa kuchinjwa, na damu yake ilitoka nyekundu ajabu, inang'aa, hata aliyechinja akatupa kisu. Hakuna aliyethubutu kula nyama ile. Na wale mbuzi walikuwa mahari ya mwanawe Mfaume, harusi ikisubiri mavuno ambayo hayakuja.

Sisi tulikuta kijiji kimenuna. Ijumaa baada ya swala kungekuwa na kikao kwa jumbe, na kila mtu alikuwa anajua kitakachoamuliwa: Bi Somoe aondoke Malolo. Hakuwa na mtoto. Ndugu zake walikuwa wamekwisha. Nyumba yake, mikorosho aliyopanda na marehemu mumewe, na kaburi la mumewe vyote vilikuwa pale. Tulimkuta barazani anafunga vyombo vyake kwenye mkeka.

"Shikamoo, Bibi," nikamwamkia, nikaongeza na salamu ya Kimwera chetu, nikidhani atafurahi.

"Marahaba, mwanangu. Msikae karibu. Mimi muuaji."

Bwana Yusufu akakaa karibu. "Umewaua vipi?"

"Kwa kago langu. Mimi nilitaka waumwe matumbo kidogo, wakimbie. Sikujua dawa ile kali hivyo. Dawa ya marehemu kaka yangu, alinionyesha mizizi tu, hakuniambia kiasi." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Mfaume ana haki. Hata mimi, mbuzi wangekuwa wangu, ningesema mwenye dawa aondoke."

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa, na nataka muuone vizuri. Mtu anayekana unaweza kumtetea. Huyu alikuwa ameshajihukumu, tena kwa unyoofu. Kijiji kizima kilikubaliana juu ya muuaji, na muuaji mwenyewe alikuwa wa kwanza kukubali.

Bwana Yusufu hakubishana naye. Aliomba tu aingie shambani, akachuma chipukizi, akaligusa kwa ulimi, akatema. Njiani akaniambia kwamba Bwana Chupa aliwahi kumdokezea kuwa mtama mchanga, hasa uliopigwa na kiu, huweza kupika sumu ileile ya muhogo. Yeye mwenyewe hajawahi kuupima.

"Basi tuupime sasa hivi, kabla ya kikao," nikasema.

"Tukipima peke yetu, ni maneno ya watu wa serikali na chupa zao. Wapime wao."

"Na karatasi ikibaki manjano mbele ya watu wote?"

"Itakuwa tumemfukuza sisi," akasema. Usiku ule alisali muda mrefu kuliko kawaida yake.

Kikaoni jumbe alimpa Mzee Mfaume nafasi ya kwanza. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, na kusema kweli huzuni yake ilinigusa. Hakutukana. Alisema hana ugomvi na mama huyu, ila mtu mwenye dawa ya kuua hawezi kuishi karibu na watoto. Wazee wakaitikia. Ndipo Bwana Yusufu akaomba ruhusa, akatoa chupa na karatasi, akawaonya watu wasiiguse wala kuiramba ile karatasi, akaeleza inavyofanya kazi kwa muhogo, jambo ambalo kina mama walilielewa haraka kuliko wanaume. Akamwomba Mzee Mfaume aende mwenyewe kuchuma machipukizi kwa Bi Somoe.

Mfaume akaenda, akarudi na konzi ya majani. Akayaponda yeye mwenyewe kwenye kinu, akatia chupani, chupa ikawekwa juani mbele ya watu wote. Tukangoja. Karatasi ikaanza kugeuka kwenye ncha, ikawa rangi ya chungwa, kisha nyekundu kabisa. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Lakini watu walipaza sauti: "Si mmeona! Dawa iko mle! Kago limeingia mpaka kwenye majani!" Bi Somoe akainamisha kichwa. Kwa wale wazee karatasi ile ilikuwa imetoa ushahidi dhidi yake, nami nikatamani ardhi inimeze.

Bwana Yusufu akangoja kelele zitulie. "Mzee Mfaume," akasema, "na shambani kwako kumechipua?"

"Kumechipua kidogo. Mvua ilinyesha kwetu sote."

"Kuna kago?"

"Kwangu? Mimi sina mambo hayo."

"Basi nakuomba ukalete na ya kwako. Na Jumbe atuletee ya mtama wake wa bondeni, ule mrefu ambao haukukosa maji."

Mfaume alisita. Watu walimtazama. Akaenda. Chupa zikawa tatu juani, na hakuna aliyeondoka hata kwenda kunywa maji. Ile ya jumbe, ya mtama mrefu wa bondeni, ilikaa manjano kama ilivyotoka boksini. Ile ya Mfaume ilianza kwenye ncha, ikapanda, ikawa nyekundu ileile. Aliichukua, akaigeuza, akailinganisha na ya Bi Somoe. Nilikuwa karibu naye, nikamsikia anasema taratibu, kama mtu anayejisemesha, "Kwangu hakuna kago."

Wa kwanza kusema alikuwa Bi Somoe, naye hakusema kwa kujitetea, alisema kwa kustaajabu tu:

"Kumbe mtama umejiwekea kago wenyewe."

"Ndivyo, Bibi," Bwana Yusufu akamjibu, na nilimwona machozi yakimlengalenga. "Uliungua kwa kiu. Uliponusurika ukachipua mchanga, laini, kila mwenye meno anautamani. Ukajilinda. Ukikua mrefu utaipunguza sumu wenyewe. Ukikatwa na kuanikwa juani ukakauka kabisa, nayo itapungua. Lakini mbichi, mfupi, wa baada ya ukame, msiwape mbuzi."

Hapo Mzee Mfaume akainuka ghafla, akakusanya kanzu yake mkononi, akatoka mbio. Watu wakashangaa, mpaka mkewe akapiga kelele, "Mbuzi! Waliobaki! Binti kawapeleka shambani kwetu!" Nusu ya kikao ikamfuata. Waliwawahi kwenye njia, kabla hawajafika kwenye machipukizi. Hakuna aliyetoa hukumu siku ile, na haikuhitajika. Mtu anayeamini kwamba ni uchawi wa jirani hakimbii kuokoa mbuzi kwenye shamba lake mwenyewe.

Jioni Mfaume alipita kwa Bi Somoe. Hakuomba radhi kwa maneno. Aliufungua ule mkeka wa vyombo, akaviingiza ndani kimoja kimoja, sufuria, vibuyu, kinu, na mwishoni akarudisha mkeka wenyewe kitandani. Bi Somoe akamletea maji ya kunawa. Nimeona suluhu nyingi maofisini, za mihuri na hotuba, na hakuna niliyoiamini kama ile.

Asubuhi tulipokuwa tunafunga boksi kwenye baiskeli, Bi Somoe alikuja na mayai ya njiani na ombi. Alitaka karatasi moja ya manjano.

"Ya nini, Bibi? Bila chupa haifanyi kazi," nikamwambia, kijana mwenye kujua mambo.

"Kile kibuyu nimekishusha. Mbuzi wataingia tena, na safari hii watakufa bila kago la mtu. Nataka niweke kitu watu watakachokikumbuka."

Nilimtazama Bwana Yusufu. Dawa ya karatasi ile si kitu cha kuning'iniza ovyo, na karatasi zenyewe zilikuwa za kuhesabiwa. Alifikiri, akachana kipande cha kitambaa cha manjano kilichokuwa kikifunikia chupa zetu, akampa hicho. "Rangi ni ileile, Bibi, na hiki hakimdhuru mtu." Bi Somoe akakitundika palepale kilipokuwa kibuyu. Njia nzima hadi Nachingwea Bwana Yusufu alikuwa akicheka peke yake juu ya baiskeli, na mimi nikadhani anacheka ujinga wa bibi. Nilikuwa bado mgeni wa kazi.

Mwaka huu, kabla ya kukabidhi funguo, niliomba gari linipitishe Malolo. Bi Somoe alikwisha kufa zamani, na akazikwa pale pale kando ya mumewe. Nilielezwa kwamba Mfaume ndiye aliyesimamia mazishi. Mvua mwaka huu imechezacheza, mnajua, na mtama ulikuwa unachipua mfupi mashambani. Kwenye pembe ya shamba moja niliona kitambaa cha manjano kimefungwa kijitini. Mbele kidogo kingine. Na kingine. Nikasimamisha gari, nikamwuliza mama mmoja kijana aliyekuwa anapalilia.

"Shikamoo, babu. Hicho? Ni desturi yetu tu. Mtama ukiota baada ya jua kali tunafunga cha manjano. Hapo hupeleki mbuzi mpaka ufike kiunoni, ama ukate uanike ukauke kabisa."

"Nani aliwafundisha?"

Akafikiri, jembe mkononi. "Wazee. Tumewakuta nayo."

Nikamshukuru, nikarudi garini. Dereva akaniuliza mbona nalia, nikamwambia vumbi. Barabara ilikuwa imelowa mvua.